Bendera nyekundu, bendera ya njano, au makubaliano ya nyumbani: ushike njia ipi ndugu yako mwenye bunduki anapokutia hofu?

Hapa Lewiston, jimbo la Maine, swali hili limetupata majumbani mwetu. Jioni ya 25 Oktoba 2023 mwanamume mmoja aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa bowling, kisha akaenda kwenye baa upande mwingine wa mji. Aliua watu 18 na kujeruhi 13. Tulikaa ndani siku mbili, mapazia yameshushwa na watoto hawaendi shule, hadi maiti yake ilipopatikana katika mji jirani wa Lisbon. Wengi wetu tuliofika huku kutoka Uvira, Bukavu na Bujumbura tulidhani mlio wa bunduki tumeuacha ng'ambo ya ziwa.

Kilichouma zaidi kilijulikana baadaye: walikuwapo watu waliojua. Familia yake ilikwenda polisi tangu Mei kueleza kwamba akili yake imebadilika na kwamba ana bunduki. Julai, wakubwa wake katika jeshi la akiba walimpeleka hospitali, akalazwa wiki mbili. Septemba askari mwenzake aliandika ujumbe kusema anaamini mtu huyu atafanya mauaji ya watu wengi. Askari wa sherifu walifika kwake, wakagonga, hakutoka, wakaondoka. Tume huru iliyoongozwa na jaji mkuu mstaafu Daniel Wathen ilichunguza yote hayo na kuona kwamba polisi walikuwa na sababu za kutosha kumshika na kuanza utaratibu wa kumwondolea silaha. Sheria ilikuwapo. Haikutumika.

Novemba 2025 wapiga kura wa Maine walipitisha sheria ya pili ya kumwondolea silaha mtu aliye hatari, ile inayoitwa bendera nyekundu, na ya kwanza, bendera ya njano, haikufutwa. Kwa hiyo leo familia ya hapa ina njia tatu mbele yake: kwenda mahakamani yenyewe, kuwaita polisi, au kukaa na ndugu yao wakubaliane bunduki zitoke nyumbani bila serikali kuhusika. Nafanya kazi ya ukalimani, na swali "twende wapi?" naulizwa na watu wanaoogopa pande mbili kwa wakati mmoja. Wanaogopa ndugu yao, na wanaogopa watakachomfanyia ndugu yao wakiita watu wa serikali. Hofu zote mbili ni za haki. Ndiyo maana nimeziweka njia hizi kando kwa kando.

Kwanza, tofauti na tulikotoka

Aliyekulia Kenya amezoea kwamba bunduki ni ruhusa. Unaomba cheti, unachunguzwa, na ofisa wa leseni anaweza kukifuta akiona wewe ni mlevi, akili yako si timamu, au kwa sababu nyingine hufai kukabidhiwa silaha. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru wenye leseni wote nchini wachunguzwe upya ndani ya siku 90. Tanzania nayo ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na msingi ni uleule: serikali ndiyo yenye kutoa, serikali ndiyo yenye kuchukua.

Marekani mambo yamegeuzwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaitaja bunduki kama haki ya watu. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, nyumbani mwake, kwa kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaipanua hadi nje ya nyumba. Maine yenyewe, tangu 2015, mtu mzima ambaye sheria haimkatazi hahitaji kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Jirani yako mwindaji wa paa ana bunduki nne kabatini na hajavunja lolote, wala hadaiwi maelezo na mtu yeyote.

Usipolielewa hili utaona ubishi wa Wamarekani ni ukaidi mtupu. Mwenye bunduki anayepinga polisi kumfikia kabla hajatenda kosa anasema jambo ambalo sisi wenyewe tungelisema kuhusu nyumba au mtoto wetu: usinichukulie changu kwa sababu ya kile unachodhani nitafanya.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Nani anaweza kuianzisha? Inachukua muda gani tangu hofu ianze hadi bunduki zitoke? Ushahidi gani unatakiwa, na mwenye bunduki anasikilizwa lini? Mlangoni panatokea nini siku ya kuzichukua? Je, inamzuia kwenda dukani kesho yake kununua nyingine? Na anarudishiwaje zake? Kiasi cha bunduki alizonazo sikukiweka, kwa sababu moja inatosha.

Njia ya kwanza: bendera nyekundu

Hii ni amri ya mahakama ya madai ya kumwondolea mtu bunduki kwa muda, wala si kesi ya jinai. Connecticut ilitangulia mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya mfanyakazi wa bahati nasibu ya jimbo kuwaua wakubwa wake wanne. Indiana ikafuata 2005. Florida, jimbo lenye wapenda bunduki wengi, iliipitisha 2018, wiki chache baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya sekondari ya Parkland na kijana ambaye sherifu na FBI, shirika la upelelezi la taifa, walikuwa wameshaonywa juu yake. Pamoja na Maine majimbo sasa ni 22.

*Nani anaanzisha.* Majimbo yanatofautiana sana. Florida ni polisi peke yao. California wameruhusiwa hata mwajiri, mfanyakazi mwenza na mwalimu. Maine, chini ya sheria mpya, ni polisi, mtu wa familia, au anayeishi nyumba moja na mhusika. Hapo ndipo uzito wa sheria hii ulipo: mke, mama au kaka hahitaji kwanza kumshawishi polisi kwamba hofu yake ni ya kweli. Anaandika ombi, anaapa kwamba anayosema ni kweli, anampelekea hakimu. Ile familia ya 2023 iliyoishia kaunta ya polisi leo ingekuwa na mlango mwingine.

*Kasi.* Kukiwa na hatari ya haraka, hakimu anaweza kutoa amri ya dharura hata kabla ya kumsikiliza mwenye bunduki. Kisha shauri linasikilizwa pande zote mbili ndani ya siku 14.

*Ushahidi na haki ya kusikilizwa.* Hapa ndipo wenye bunduki wanapolalamika, na sehemu ya malalamiko yao ina nguvu. Kwa hadi wiki mbili mtu anapokonywa haki ya kikatiba kwa maneno ya upande mmoja. Hajashtakiwa, hajatiwa hatiani, na kwa kuwa ni shauri la madai, majimbo mengi hayampi wakili wa bure. Colorado ni tofauti: sheria yake inampa anayelalamikiwa wakili anayelipwa na umma, na kwa maoni yangu kila jimbo lingepaswa kuiga. Uzito wa ushahidi nao unapishana. Florida inataka ushahidi ulio wazi na wa kumshawishi hakimu kwa nguvu, lakini Washington inatosha mizani ielemee upande wa mwombaji.

Je, watu hawatatumia sheria hii kulipiza kisasi? Swali la haki. Colorado, mwezi uleule sheria ilipoanza kutumika, Januari 2020, mwanamke mmoja aliapa kwamba amezaa na polisi fulani ili apate haki ya kumwombea amri. Hakuwa amezaa naye. Hakimu alilitupa ombi, na baadaye mwanamke huyo alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Ninavyoisoma habari hiyo, jaribio la hila linawezekana, lakini pia lina mtu wa kulikamata, yaani hakimu, na lina adhabu.

Na Mahakama ya Juu inasemaje? Haijaamua moja kwa moja juu ya bendera nyekundu. Ila Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji 8 dhidi ya 1 walikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio la kweli kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda bila kukiuka Marekebisho ya Pili. Kesi hiyo ilihusu amri ya kumlinda mwanamke dhidi ya mwenzi wake. Jaji Mkuu Roberts alikumbusha sheria za kale za dhamana, ambapo mtu aliyeshukiwa kutaka kufanya shari alilazimishwa kuweka fedha rehani ili atulie. Kwa hiyo wazo la kuzuia kabla ya kosa ni la zamani kuliko bunduki za kisasa.

*Mlangoni.* Hatari iko hapa, na sitaificha. Novemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya sheria ya Maryland kuanza, polisi wa kaunti ya Anne Arundel waligonga mlango wa mtu saa kumi na moja alfajiri kumpelekea amri. Alifungua akiwa na bunduki mkononi, akaiweka chini, akaichukua tena, wakang'ang'ania, ikalia, wakampiga risasi akafa. Nani asiyefungua mlango kwa wasiwasi saa hiyo? Kwa familia zetu, ambazo hodi ya usiku huko nyumbani ilikuwa na maana yake, hili ni jambo la kulizungumza na polisi mapema: waende mchana, waelezwe lugha anayoongea, waambiwe kama kuna watoto ndani.

*Ununuzi mpya na kurudishiwa.* Amri ikitoka, jina linaingia kwenye mfumo wa ukaguzi ambao maduka ya bunduki huuangalia kabla ya kuuza. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Indianapolis, Machi 2020, mama aliwaita polisi kwa ajili ya mwanawe, wakaichukua bunduki yake. Shauri halikupelekwa mahakamani. Bila amri hakuzuiwa kununua, akanunua mbili kihalali, na Aprili 2021 aliua watu 8. Kuchukua chuma bila amri ni nusu ya kazi. Kwa upande wa kurudishiwa, amri ya Maine hudumu hadi mwaka mmoja. Ikiisha bila kuongezwa, mtu ana haki ya vitu vyake.

*Inamfaa nani.* Familia iliyo na ushahidi mkononi (ujumbe wa simu, vitisho vilivyosikika na zaidi ya mtu mmoja), ambayo mhusika amekataa kuongea nayo, na ambayo tayari imekwenda polisi ikarudi mikono mitupu. Haimfai anayetaka kumtia mume adabu kwa ugomvi wa fedha.

Njia ya pili: bendera ya njano

Hii ni ya Maine peke yake. Ilipitishwa 2019 na kuanza Julai 2020, matokeo ya mapatano kati ya gavana Janet Mills na wanachama wa vyama vya wawindaji na wamiliki wa silaha, waliotaka haki zao zilindwe kwanza. Gavana huyohuyo aliipinga bendera nyekundu ya 2025 akisema ya njano inatosha na ni salama zaidi kikatiba.

*Nani anaanzisha.* Polisi tu. Familia inaweza kupiga simu na kueleza, lakini uamuzi wa kwanza ni wa askari.

*Kasi.* Hatua ni nyingi. Askari awe na sababu ya kuamini kwamba mtu ana ugonjwa wa akili na ni hatari, amshike kwa ulinzi wake mwenyewe. Kisha mtaalamu wa afya amkague, siku hizi mara nyingi kwa video. Kisha hakimu aidhinishe. Ndipo mtu anaamriwa kukabidhi silaha. Zikienda vizuri, hatua hizi zote zinaweza kukamilika siku moja. Zikikwama kwenye ya kwanza, kama ilivyotokea 2023 mtu asipofungua mlango, hakuna kinachofuata. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilirekebisha sehemu hiyo: sasa polisi wanaweza kuomba hati ya hakimu ili wamshike mtu anayejifungia.

*Ushahidi na haki ya kusikilizwa.* Mwenye bunduki analindwa zaidi hapa. Kabla kitu chochote hakijachukuliwa, macho matatu yamemtazama: polisi, mtaalamu wa afya, hakimu. Kisha shauri kamili ndani ya siku 14, kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Mtu anayeogopa maneno ya mtalaka wake kumpokonya bunduki ya babu yake ana sababu ya kuipenda njia hii.

Lakini ulinzi huo una gharama mbili. Ya kwanza, anashikwa yeye, mwili wake, kabla ya silaha. Kwa mtu anayejivunia haki zake, sijui kwa nini kuwekwa chini ya ulinzi kuhesabiwe jambo jepesi kuliko karatasi ya mahakama inayogusa bunduki peke yake. Ya pili, sheria inadai ugonjwa wa akili uwepo. Mume mwenye hasira na wivu anayesema "nitakuua ukiondoka" huenda akakaguliwa akaonekana mzima kabisa, na kweli ni mzima. Hatari si lazima iwe ugonjwa, na wagonjwa wengi wa akili hawana hatari kwa yeyote. Sheria inapozifunga hizi mbili pamoja, inawaacha wenye hasira nje na kuwatia doa wagonjwa.

Jambo hilo la doa linatugusa sisi. Katika jamii zetu mtu akipelekwa kwa daktari wa akili, uchumba wa dada yake unaweza kuvunjika. Familia hunyamaza. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na nimekiona kilio hicho.

*Mlangoni.* Polisi hao hao, hatari ile ile. Kuna nafuu moja: mara nyingi mtu anakuwa amekwisha kushikwa mahali pengine, hospitalini au barabarani, silaha zinapofuatwa.

*Ununuzi mpya na kurudishiwa.* Sawa na nyekundu: katazo hadi mwaka mmoja, kisha kurudishiwa au kuongezwa kwa shauri jipya.

*Je, inafanya kazi?* Kabla ya Lewiston ilitumika mara 81 katika zaidi ya miaka mitatu. Baada ya Lewiston imetumika mamia ya mara. Maneno ya sheria hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni askari waliofundishwa na kuamka. Hilo ni somo kwa pande zote mbili za ubishi huu.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye ni mgonjwa kweli, anayesikia sauti au ameacha dawa, na anahitaji daktari kama anavyohitaji kutengwa na bunduki. Hapa anapata vyote viwili kwa safari moja. Pia inaifaa familia isiyotaka jina la mama au mke lionekane kwenye karatasi kama mwombaji dhidi ya mwanawe au mumewe.

Njia ya tatu: makubaliano, bila serikali

Wako wanaosema polisi wasimguse mtu hadi avunje sheria. Oklahoma mwaka 2020 ilipiga marufuku bendera nyekundu jimboni kote, na Texas ikafanya hivyo 2025. Ukiishi huko, hii ndiyo njia uliyo nayo, na hata Maine ndiyo ya kujaribiwa kwanza pale ambapo mtu bado anasikia.

Polisi nao wana mpaka wao. Mwaka 2015, huko Cranston, Rhode Island, mzee mmoja aligombana na mkewe, akaweka bastola mezani akamwambia ampige afe. Kesho yake mke aliomba polisi wakamwangalie. Mzee alikubali kwenda hospitali, polisi wakaingia na kuchukua bunduki zake bila hati. Mwaka 2021, katika kesi ya Caniglia, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walisema huko ni kuvuka: wajibu wa polisi wa kusaidia jamii hauwapi ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mtu na kuchukua mali yake. Mimi naona majaji walikuwa sahihi, na bado namwelewa yule mke. Alichokosa ni njia ya wazi ya kisheria.

*Nani anaanzisha.* Yeyote anayeheshimiwa: mjomba, mchungaji, imamu, mwenzake wa kuwinda. Mara nyingi si mke.

*Kasi.* Dakika ishirini, akikubali. Asipokubali, haina kasi yoyote.

*Ushahidi na haki.* Hakuna mahakama, hakuna jina kwenye mfumo, hakuna askari mlangoni. Haki zake zote ziko palepale. Bunduki zinakaa kwa rafiki, ambaye sheria haimkatazi kushika silaha, au kwenye sefu ambayo funguo anazo mtu mwingine. Baadhi ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi hupokea silaha za kuhifadhi. Piga simu kwanza, usitokee mlangoni pa kituo na bunduki begani.

Wenye bunduki wenyewe ndio walioikuza njia hii. New Hampshire mwaka 2009, ndani ya wiki moja, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki kwenye duka moja, na kila mmoja alijiua saa chache baadaye. Wafanyabiashara wa silaha na watu wa afya walikaa pamoja wakatengeneza maelezo ya kuwasaidia wauzaji kumtambua mteja aliye taabani na kumkatalia kwa upole. Hakuna aliyewalazimisha. Washington, Virginia na Utah nazo zimemruhusu mtu kujiandikisha kwa hiari yake asiuziwe bunduki, kama anazijua siku zake mbaya.

Njia hii inapimwa vizuri ukikumbuka wanaokufa ni akina nani. Mwaka 2023 bunduki ziliua zaidi ya watu 46,000 Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Anayejipiga risasi hufa karibu mara 9 katika 10. Anayejaribu kwa njia nyingine mara nyingi huokoka, na wengi waliookoka hawarudii. Watafiti waliochunguza Connecticut walikadiria kwamba kwa kila kuchukuliwa kwa silaha mara 10 hadi 20, mtu mmoja aliepushwa na kujiua. Ikiwa umbali na bunduki kwa majuma machache ndio unaookoa, basi ni jambo jema umbali huo ukipatikana kwa mkono wa rafiki.

*Udhaifu wake* ni mmoja na ni mkubwa: kesho anaweza kununua nyingine, au kuzifuata alikozihifadhi. Na haifai hata kidogo pale anayetishiwa ni mtu mwingine. Mke hapatani na mumewe kuhusu bunduki aliyomwelekezea.

Kwa hali yako

Ndugu amekata tamaa, anasema maisha hayana maana, lakini anakaa na wewe na kulia mbele yako: anza na makubaliano, leo, kabla hajalala. Piga pamoja naye 988, namba ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua. Kwa simu wanaweza kuleta mkalimani, omba Kiswahili. Usimwambie "unatoa bunduki zako." Mwambie "nitakutunzia hadi hali itulie." Akikataa na maneno yakawa ya siku na saa maalumu, hapo umeshavuka mpaka wa nyumbani.

Anasikia sauti, haamini watu, amelazwa karibuni au ameacha dawa: njano, kupitia polisi, na uwape jina la hospitali na la daktari. Usiseme tu "ana hasira." Sema umeona nini, lini, na bunduki ziko chumba gani. Wakigonga asifungue, waambie kwamba tangu 2024 wanaweza kuomba hati. Uliza nani anafuatilia, uandike jina lake.

Mwenzi anakutishia wewe: kwanza toka, na watoto. Kisha omba amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani, ambayo ni sheria tofauti, ya zamani zaidi, na yenye katazo lake la bunduki chini ya sheria ya taifa. Hiyo ndiyo aina ya amri iliyosimama mbele ya Mahakama ya Juu 2024. Bendera nyekundu iongezwe juu yake pale panapohitajika.

Ameandika au kusema atawadhuru watu kazini, shuleni, kanisani au msikitini: piga 911, namba ya dharura, sasa hivi. Bendera nyekundu ifuate, kwa sababu ya mfumo wa maduka, kumbuka Indianapolis.

Wewe ndiye mwenye bunduki na umepelekewa amri: zikabidhi, omba stakabadhi yenye namba ya kila silaha, na ufike kwenye shauri. Usiwape ndugu wazifiche. Amri yenyewe si jinai, ila kuivunja ni kosa. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama ana kadi ya kijani. Mahakama za Maine hutoa mkalimani bila malipo; omba mapema, na usikubali mtoto wako akutafsirie. Leta mashahidi wanaokujua: mwajiri, daktari, jirani. Ikiwa aliyekuombea amri amesema uongo, pale mbele ya hakimu ndipo pa kuuonyesha, na wiki hizo mbili za kungoja zitumie kukusanya karatasi.

Uko hapa kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano: tatizo lako linaanza kabla ya haya yote, kwa kuwa sheria ya taifa, isipokuwa kwa hali chache kama ya mwenye leseni ya kuwinda, haikuruhusu kumiliki bunduki. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuzungumza na mwenye duka.

Na kama hujui umo katika hali ipi, kwa sababu ndugu yako leo analia na kesho anatisha, andika kwenye daftari kila unachoona, tarehe na saa, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha inayokutoka haraka. Tafsiri itafuata. Daftari la namna hiyo nimewahi kulisoma kwa sauti mbele ya hakimu, ukurasa kwa ukurasa, na alilisikiliza lote.